Ugali Si Chakula

Mwaka jana nilipita Mbulu kwa shughuli zangu, nikaingia sokoni asubuhi kutafuta matunda ya kula njiani. Nikakuta ndizi za kupika zimelundikwa chini kama kuni, mikungu mibichi inayotoka utomvu bado, na muuzaji wala hana haraka ya kuniita. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kama hujawahi kuishi ugenini na mtu mzima anayelilia chakula cha kwao, huenda usielewe kwa nini. Basi nikueleze taratibu.

Baba alikuwa bwana shamba. Tulihamia Mbulu kutoka Bukoba miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, tukapewa nyumba ya serikali yenye bati na baridi ya kutosha. Wiki nyingi baba alikuwa vijijini, na mama alikuwa mwalimu, kwa hiyo kununua mahitaji ya nyumbani lilikuwa jambo la kupanga vizuri. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilitoka duka la ushirika, navyo vilifika siku ambayo hakuna aliyeijua. Ukiwaona wanawake wanatembea haraka na vikapu vitupu, unachukua chako na kuwafuata, kisha unauliza huko mbele wanafuata nini. Sokoni kulikuwa na mahindi, viazi, vitunguu, na maharage mazuri kutoka Nangwa. Maziwa tuliletewa na jirani kwa kibuyu kilichosafishwa kwa makaa. Yalikuwa na harufu ya moshi, na mara ya kwanza nilidhani yameungua. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeanza kuyakataa maziwa yasiyo na harufu hiyo.

Sisi watoto tulizoea upesi. Aliyeshindwa ni bibi, mama yake mama.

Alikuja kwa sababu mama alikuwa mjamzito, na mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Hospitali walimwambia asibebe maji wala kuinama shambani. Bibi alisafiri kwa meli na mabasi kuja kumshika binti yake mkono. Ila kwao bibi, neno chakula maana yake ni ndizi. Vingine vyote vina majina yake: huu ni wali, hivi ni viazi, huu ni ugali. Unaweza kuvila ukashiba kabisa, lakini hujala chakula. Kila jioni mama alimuuliza kama amekula, naye alijibu kwa upole kwamba amepewa ugali, ila chakula bado.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye tuliona mashavu yake yanaingia ndani, na kitenge anakizungusha kiunoni mara nyingi zaidi. Baba akamwomba dereva wa lori aliyekuwa akishuka Mto wa Mbu amletee mkungu wa ndizi. Dereva, Mungu ambariki, alileta mkungu mkubwa ajabu. Bibi aliugusa, akakwangua ganda kwa ukucha, akanusa.

"Hizi ni za pombe," akasema. "Mnataka nilewe?"

Usimlaumu dereva wala baba. Dereva alitumwa ndizi, akaleta ndizi. Baba alikuwa mtaalamu wa mahindi na ngano, na huko kwetu mambo ya mgomba mwanamume aliyelelewa shule ya bweni hayajui sana. Lakini siku ile bibi alivunjika moyo. Alisema mgonjwa hamuuguzi mgonjwa mwenzake. Akafunga vitu vyake kwenye kikapu, akasema kesho anapanda basi la Arusha. Mama hakumbishia. Alikaa kitandani ameshika tumbo, akaniambia nimsindikize bibi yangu.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara na basi likachelewa. Tukaingia kujikinga baridi kwenye mgahawa ulio karibu na kituo: meza ndefu, mabenchi, birika la chai ya maziwa jikoni. Bibi hakuwahi kula mgahawani maisha yake yote. Mama mwenye mgahawa, mwenyeji wa pale, alimwamkia shikamoo, akamuuliza atakula nini.

"Chakula kipo?" bibi akauliza.

"Kipo, bibi. Tena cha moto."

Akaleta ugali kwa nyama ya mbuzi, na bakuli la maziwa ya mgando. Bibi akaitazama sahani.

"Nimeuliza chakula."

"Ndicho hiki, bibi."

"Huu ni ugali."

Yule mama akanigeukia mimi. Nikamweleza yote bila mpangilio, ndizi, mama, mimba, basi, maana nilikuwa naogopa sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta benchi, akakaa mbele ya bibi kama watu wanaopatana bei ya mbuzi.

"Bibi, una haki," akasema. "Basi usile chakula. Chakula utakula kwenu, ukirudi. Hapa kula ugali tu, upate nguvu za kumpokea mjukuu."

Bibi akaivuta sahani karibu. "Ugali tu?"

"Ugali tu. Na mtu akiniuliza, nitasema hukula chakula hapa."

Bibi akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu afike. Akanawa mikono. Alikula polepole, kisha si polepole tena, na maziwa akaongezwa. Basi lilipofika, kondakta akaingia mlangoni akitangaza Arusha, bibi hakuinua kichwa.

"Mwambie aende," akaniambia. "Sijamaliza."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba kikapu. Mama alitupokea mlangoni, akamuuliza bibi kwa sauti ndogo kama amekula. Bibi akasema hapana, amekula ugali tu. Mama akalia.

Mdogo wangu alizaliwa salama, mikononi mwa wauguzi, bibi akiwa nje ya mlango. Alikaa nasi hadi mtoto akaanza kuota meno. Siku ya kumwonjesha ugali, mama alimpa bibi heshima hiyo. Akamega tonge dogo, akalichovya kwenye maziwa, akalipeleka mdomoni. Mtoto akageuza uso.

"Kula chakula, baba," bibi akambembeleza. "Kula chakula."

Mama na baba wakatazamana.

Bibi hayupo tena siku hizi, wala ule mgahawa. Nyumbani kwangu tunasema chakula tukiwa na maana ya chochote kilichoko mezani, na wanangu wakilia njaa hakuna anayeuliza ni njaa ya nini. Neno limepanuka, ni jambo jema. Ila sijakutana tena na mtu wa kulilinda.