Kiti Kilijaribiwa Kitupu

Saa mbili asubuhi, Mgongo anafagia majani kwenye njia ya zege inayoshuka hadi kwenye maporomoko ya maji. Anafagia polepole, kama anayesafisha kaburi la mtu wake.

Jina hilo la utani alipewa na wageni. Kwa miaka kumi na mitano aliwashusha wasioweza kutembea, wamekaa kwenye kiti cha mbao alichojifunga mgongoni kwa mikanda. Shemeji yake alishika kwa nyuma pale ngazi zilipoteleza, huku akimtania kwamba yeye ni punda wa ajabu, mzigo haumchoshi ila mdomo haupumziki.

Mwaka jana uongozi wa hifadhi ulijenga njia ya viti vya magurudumu. Kubeba watu kukapigwa marufuku, eti kunawadhalilisha. Mgongo hakununa, kiuno kilishaanza kudai chake.

Siku ya majaribio, mkandarasi alisukuma kiti kikashuka, akakipandisha, watu wakapiga makofi.

"Kiti chenyewe kitupu," anasema Mgongo. "Hata mimi niliyewabeba miaka yote hiyo sikukumbuka kusema mtu akae. Nilipiga makofi pamoja nao."

Mgeni wa kwanza alishuka vizuri. Kumpandisha ndiyo ikawa kasheshe: mlima ni mkali, wanaume watatu waliishiwa pumzi katikati, nusura kiti kiwaponyoke. Tangu hapo kuna mnyororo getini, viti havishuki. Na kubeba bado ni marufuku, kwa sababu njia ipo.

Shemeji alikwenda kuponda kokoto. Mgongo alibakizwa kufagia, kwa chini ya nusu ya alichokuwa akipata. Mkewe anafua nguo za watu.

Leo anafika getini bibi mmoja, anasukumwa na bintiye. Mgongo aliwahi kumbeba zamani, na bibi anamkumbuka.

"Mwanangu, si unishushe tu? Nimekonda, siku hizi mimi ni kanga na mifupa."

Mgongo anamtazama mlinzi wa geti. Mlinzi anachunguza kucha zake.

"Nisamehe, mama. Nikikubeba leo, kesho sina kazi."

Bibi hamlaumu. Anauliza kama maji ni mengi mwaka huu. Anajibiwa ni mengi. Wote wanne wanasikiliza ngurumo yake kutoka chini, kisha binti anageuza kiti. Wametoka mbali, na nauli ya kurudi ni ile ile.

Mgongo analaza fagio chini.

Akiulizwa ana mpango gani, anajibu.

"Mkubwa wa ukaguzi akija, nimwombe akae kwenye kiti, tumshushe mpaka chini. Si kwa ubaya. Akae tu, halafu tumpandishe."

Anaokota fagio lake.

"Ila yeye huwa anakagulia getini, ndani ya gari."