Walikwenda kwa Wenyewe

Siwezi kukamua nguo. Nikifua, shuka naianika ikiwa bado inachuruzika, na jirani yangu hapa Mombasa, mwanamke mwenye mdomo, husema Wangazija tumezoea kufuliwa. Mimi si Mngazija, ni Mnzwani. Nimemwambia mpaka nimechoka. Kwake kila aliyetoka visiwa vile ni Mngazija, basi. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilivunjwa na mgonjwa niliyekuwa nikimuuguza, kikaunga vibaya. Hilo sijamwambia.

Nilizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, katika nyumba ya mama yangu, kwenye vichochoro ambamo watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Nasema nyumba ya mama kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, mume huja kukaa, na ndoa ikivunjika ni mume anayebeba sanduku lake na kuondoka. Wageni wakisikia hivyo hudhani kwamba wanawake wa kwetu ndio wasemaji wa mji. Nami nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo hivyo.

Uuguzi niliupata katika ile miaka michache ambayo vijana walitawala. Serikali ya wakati ule ilipiga marufuku ndoa kuu za Ngazija, zile zinazomfanya mwanamume aitwe mtu mzima na kupewa mahali pa kukaa mbele kwenye uwanja wa mji. Wazee waliokuwa wakiamkiwa na kila apitaye wakawa wanaamrishwa na watoto wa shule. Sitasema ilikuwa miaka mizuri, maana watu walipigwa, na waliosema walinyamazishwa. Ila msichana kama mimi alivishwa gauni jeupe, akapelekwa hospitali ya Moroni, kisiwani Ngazija, akatembea wodini kichwa juu.

Kisha mamluki wakatua. Tulipoamka serikali ilikuwa nyingine, na wazungu wenye bunduki na nguo nyeusi wakawa wanapita na magari yao mbele ya soko kama watu waliozaliwa pale. Ndoa kuu zikarudi, majoho yakatolewa sandukuni yakaanikwa, wazee wakarudi kukaa kwenye uwanja. Wengi walifurahi, na siwalaumu. Lakini wodini tuliona jambo ambalo huko nje hawakuliona. Mgonjwa aliyekuwa akisema tafadhali mwaka jana, mwaka huu alipiga ukingo wa kitanda kwa kiganja ili tuje.

Wauguzi wa wodi ya wanaume tulikuwa na ujanja wetu. Trei ya dawa huibebi ubavuni, unaibeba kifuani. Kitanda cha ukutani huendi peke yako. Mgonjwa akikuomba umwekee mto sawa, simama upande wa miguu uuvute kutoka huko. Hakuna aliyetufundisha haya shuleni. Tulifundishana sisi kwa sisi, kwa kucheka, kama watu wanavyopeana habari za mahali penye utelezi. Msimamizi wetu, mama wa makamo kutoka Ntsoudjini, nilipomlalamikia mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, funga kidonda haraka uondoke. Hata mimi walinifinya, na sasa nimezeeka hawanifinyi." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nimebaki naye.

Mgonjwa ninayemsema alikuwa mtu mzima wa mji mmoja kusini mwa Moroni. Alikuwa na sukari, na mguu wake ulikuwa na kidonda kisichofunga. Jamaa zake walijaa wodini tangu asubuhi, wakatandika mkeka, wakaleta wali na samaki, wakazungumza habari za mji wao kana kwamba wako kibarazani. Bakora yake ilikaa kitandani pamoja naye. Kila asubuhi nilimwamkia "Kwezi", kama tulivyofundishwa Nzwani kuwaamkia wakubwa, naye aliyajua maamkio ya kwetu na akaitikia "Mbona" kwa sauti nzuri. Kisha nikiinama kufungua bandeji, mkono wake ulianza safari zake.

Nilivumilia. Nilihama upande, nilivaa gauni kubwa zaidi, nilimwomba muuguzi wa kiume anishikie zamu pale alipoweza. Asubuhi moja hakuweza. Nilikuwa nimeshika pamba kwa koleo, jamaa zake wako pale mkekani, na ule mkono ukanishika kifua, ukabaki pale. Sikupiga kelele. Niliuchukua kwa vidole viwili nikauweka juu ya shuka, nikasema, "Mzee, mkono wako." Basi. Ila mmoja wa jamaa zake, shemeji yake nadhani, alicheka.

Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Kushikwa kwangu kulikuwa si neno, lakini yeye kuchekwa mbele ya kadamnasi lilikuwa jambo zito. Alichukua bakora akanipiga kwenye kifundo, mara moja, kwa nguvu ambayo sikujua kama mgonjwa anayo. Bakuli la chuma likaanguka na maji ya dawa yakamwagika hadi mkekani. "Zama zenu zimekwisha," aliniambia. Hakupaza sauti. Wale jamaa wakainua sahani zao zisilowe, na hakuna aliyeniangalia usoni.

Nilitoka nikiwa nimeushika mkono wangu kama ninayebeba mtoto wa mtu. Nililia chooni, si kwa maumivu tu. Nililia kwa sababu kabla ya kutoka nilikuwa nimefunika kidonda chake kwa shashi, kwa mkono mmoja, ili inzi wasiingie.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na dawa yake. Kijana mmoja wa maabara alininong'oneza kwamba ana rafiki miongoni mwa askari wa mamluki, na kwamba neno moja tu lingetosha mzee yule afundishwe adabu. Nikamwambia sitaki. Nilikuwa nimewaona waliofundishwa adabu na watu wale. Walikuja kwetu tukawashona. Mkuu wa hospitali akasema nitulie, wazee wa mji wa mgonjwa wameona aibu na watalimaliza jambo kwa njia ya heshima. Nikamuuliza njia gani. Akasema, "Ya heshima."

Mimi nilitaka kitu kimoja. Nilitaka yule mzee aniambie kwa mdomo wake kwamba amekosa. Sikutaka afukuzwe wala afungwe. Nilijua kwamba siku akiniambia hivyo nitamsamehe palepale, na nitarudi kitandani kwake na trei yangu. Asiponiambia, sikujua nitamkaribia vipi mgonjwa yeyote tena.

Nilipewa ruhusa nikaenda nyumbani na mkono umefungwa plasta. Ndege ndogo ikanishusha Nzwani, nikafika Mutsamudu adhuhuri, na mlangoni nikakuta gunia la mchele. Ndani, juu ya kitanda cha mama, kulikuwa na shiromani mpya, ile nguo nyekundu wanayojitanda wanawake wa kwetu, bado na mikunjo ya dukani. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba.

"Kwezi, mjomba."

"Mbona, mwanangu. Umeumia. Mungu atakuponya." Akanikaribisha niketi. "Wale watu walikuja. Watu wa maana, wamevaa majoho, wamesafiri kutoka Ngazija kwa ajili yetu. Tumesoma fatiha. Limekwisha."

"Limekwisha vipi?"

"Wameomba radhi, tumewapa."

"Nani aliyewapa?"

Alinitazama kama nimemuuliza nani baba wa mtoto. "Sisi," alisema.

Nikamwambia, mjomba, aliyevunjwa mkono ni mimi. Akasema anajua, ndiyo maana wamekuja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa: aliwapokea, aliwalisha, aliwakaripia kidogo, akasamehe kwa niaba ya ukoo. Alijiona amenitetea, na kwa kipimo chake alinitetea kweli. Mama alikuwa jikoni. Alikuja na chai, akaiweka, akarudi jikoni. Ile shiromani sikuivaa, naye hakuivaa. Aliikunja akaitia sandukuni, na hatukuitaja tena.

Nilirudi Moroni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa umepinda kidogo na vidole viwili havikufunga vizuri. Mwaka uliofuata yule mzee akarudishwa wodini, mguu umeoza, madaktari wakisema ukatwe. Msimamizi hakunipangia kitanda chake, lakini wodi ni chumba kimoja, na siku moja nilipopita akaniita. Alikuwa amekonda. Uso wake ulikunjuka, kwa wema mtupu, kama mtu aliyemwona jamaa yake sokoni.

"Bweni," aliniita, kwa neno la kumheshimu mwanamke. "Mjomba wako hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikasimama. Jamaa zake hawakuwepo saa ile, wala bakora sikuiona. Nikasema, "Mzee, hukuniomba radhi."

Alishangaa. Naapa hakuwa akijifanya. Nimeuguza watu wa kutosha kujua uso unaodanganya. "Nikuombe wewe?" aliuliza. "Nilituma watu mpaka Nzwani. Nilikwenda kwa wenyewe."

Nilitengeneza shuka iliyokuwa imeteleza, nikaenda zangu. Alikufa baada ya kukatwa mguu, na watu wakasema alikuwa mtu asiye na deni na mtu. Nilisikia uchungu ambao sikuujua jina. Mimi niliyeumizwa sikuwa hata mwenye kuumizwa. Nikaendelea kufanya kazi, nikiwafundisha wasichana wapya kubeba trei kifuani, na kila nilipowafundisha nilijiona kama ninayewafundisha kufa kikondoo. Wengine waliacha kazi. Mmoja alipigwa kofi na mgonjwa wa homa, na wakasema ni homa.

Mama aliugua mwaka ule ule ambao mamluki waliondoka. Nilikwenda Mutsamudu kumuuguza mwenyewe. Redio za majirani zilikuwa zikisema habari za rais aliyeuawa na wazungu wanaoondoka, nasi ndani tulikuwa na habari zetu: uji, kikohozi, mgongo unaoanza kuchubuka kwa kulala sana. Mjomba alikuwa ameshafariki. Kila asubuhi nilimwosha mama kwa maji ya uvuguvugu, na kwa kuwa siwezi kukamua, kitambaa kilimdondoshea maji hadi kwenye godoro.

Asubuhi moja maji yakamwingia sikioni. Nikasema, "Nisamehe, mama, ni huu mkono." Akaushika. Alikuwa hana nguvu ya kushika hata kijiko, lakini alikishika kifundo changu pale kilipopinda, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa.

"Siku ile walipokuja," alisema, "nilikuwa nyuma ya pazia."

Nikamwambia apumzike.

"Niliwasikia wote. Nilisikia kaka akisema tumesamehe. Nilikuwa na neno. Nilitaka kusema, mwenyewe hayupo, mngojeni." Akakohoa, nikamwinua, nikamlaza tena. "Nyumba ni yangu, mwanangu. Kiti alichokalia ni changu, na chai waliyokunywa nilichemsha mimi. Nami sikutoka."

Nilitaka kumwambia kwamba si kitu, kwamba yamepita, maneno tunayowaambia wagonjwa. Hakunipa nafasi.

"Niwie radhi," mama alisema.

Miaka yote ile, katika visiwa viwili, watu walikuwa wameombana radhi kwa ajili ya mkono wangu, wakapeana, wakala wali. Aliyekuja kuniomba mimi alikuwa huyu tu, ambaye hakunipiga. Nilimjibu nimekusamehe, mama. Kisha nikakitia kitambaa majini, nikampa ncha moja aishike, nami nikasokota ile nyingine kwa mkono wa kulia, tukakikamua pamoja.