Palipo na Eksi, Usiruke

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu nusura niiharibu harusi ya dada yangu Bhoke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Nyansurura, nami kijana wa kujiona. Mjomba Chacha alikuwa amerudi kutoka jeshini na gitaa, akawa ananifundisha. Alichukua mkaa akachora mistari sita kwenye ukuta wa jiko la mama, kila mstari na uzi wake, na juu yake namba za mahali pa kubana. Sehemu nyingine hakuandika namba, aliandika eksi. Pale, alisema, uguse uzi kwa kidole bila kuubana, halafu uupige hivyo hivyo. Hautaimba, utatoa mlio mkavu tu, tk, basi.

Mimi nikaona upuuzi. Uzi usioimba wa nini? Kila nilipofika kwenye eksi nikaruka, nikakimbilia namba inayofuata.

Sasa, ngoma ya harusi kwetu ilikuwa ya litungu, zeze letu la asili. Bhoke ndiye aliyembembeleza baba nami nipige gitaa. Baba akataka lijaribiwe kwanza, siku moja kabla. Miguu ya wachezaji ikikataa, lirudi guniani. Nikapiga. Wasichana wakainua miguu wasijue pa kuishusha, wakagongana. Bhoke akasimama, machozi yanamlengalenga. Baba akanyoosha mkono alichukue gitaa.

Mjomba akamwomba nirudie. Akaniinamia, akaniita kijana kwa kilugha chetu, akasema, "Mura, penye eksi si pa kupita. Mguu unashukia pale."

Nikarudia, nikazigonga eksi zote. Miguu ikashuka pamoja, vumbi likatimka, Bhoke akacheka huku analia. Baba akaushusha mkono. Alirudi kukaa, nikaona na mguu wake unatikisika.

Haya, sikukuita kwa ajili ya gitaa. Tangu mgombane na baba yako juu ya lile shamba, unapita mlangoni kwake kama hamna mtu ndani. Unasema huna neno zuri la kumwambia. Sawa, usiwe nalo. Sikuombi uimbe, nakuomba usiruke. Kesho asubuhi simama pale mlangoni, mpe shikamoo, kavu hivyo hivyo, uende zako. Kesho kutwa tena. Atajua upo, naye atapata pa kuweka mguu.

Lete kichwa hapa. Mungu akulainishie ulimi, ng'ombe wako wazae, na mimi niwaone mnamega ugali sahani moja kabla sijaondoka.