Firigisi Kwenye Mfuko wa Koti

Nakumbuka Ijumaa moja nikiteremka kutoka DeSoto, kando ya Dallas, kwenda Houston, gari limejaa chakula kama vile nahama. Mkate, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, hata maji yangu mwenyewe ya kunywa. Mwenzangu Bahati akageuka akatazama kiti cha nyuma, akaniuliza kama tunaenda kuposa au tunaenda porini. Nikamwambia, "Tunaenda kwa adui, ndugu yangu. Kwa adui mtu hubeba chake."

Mwanangu, haya nakusimulia wewe unayekuja kwangu Ijumaa hii kutoka hukohuko Houston, na hiyo kofia yako nyekundu, kumwona binti yangu Nekesa kabla ya mechi ya kikapu ya Jumamosi, Houston yenu na Dallas yetu. Nekesa amenidokezea kwamba wewe na mwenzako mnapanga kusimama mahali njiani mpate chakula kwanza, mfike kwangu mmeshiba. Nilicheka mpaka Mama Nekesa akatoka jikoni kuangalia kama nimepaliwa. Huo ugonjwa naujua. Niliugua kabla yako.

Lakini tuanze na mechi, maana moyo wako uko huko, na wangu pia.

Nasikia watu wa Houston mnatangaza kila mahali kwamba yule mfupi wenu, anayerusha mpira kutoka mbali kama mtu anayetupa takataka bila kuangalia pipa, goti linamuuma na huenda asicheze. Siamini. Mimi nina magoti mawili yanayouma, nayajua tabia. Goti linalouma likiona ngazi linaanza kusali. Yule wenu nilimwona kwenye televisheni akishangilia kwa kuruka juu ya kiti. Tena kocha wenu amekuwa mpole ghafla, anawasifu vijana wetu, anasema sisi ndio tutashinda. Paka akianza kumsifu panya, panya atafute shimo. Na marefa je? Hilo sitaki hata kulifungua, nina presha.

Unaona? Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, na mpira wa kwetu ukanimalizia.

Kule Bungoma nilichezea timu ya mtaa. Kuchezea ni kusema tu, nilikuwa nawashikia viatu wenye kucheza. Kapteni wetu alitufundisha sheria za ugenini: usile chakula cha wenyeji, usinywe soda ambayo hukuiona ikifunguliwa, usikalie kiti ulichoonyeshwa, na langoni usipite kabisa, maana wenyeji wamefukia mambo yao pale. Basi siku moja timu nzima tukaruka ua, viatu tumeviuma kwa meno. Refa alidhani ni wezi. Tulifungwa mabao mpaka kipa wetu akawa anawarudishia mpira mwenyewe ili mchezo uishe. Ni njaa, mwanangu. Hatukuwa tumekula tangu jana yake. Unafikiri tulijifunza? Tulisema shida ni kwamba ua tuliruka kwa mguu wa kushoto.

Na sheria hizo nikaja nazo Texas, miaka ya tisini, zimekunjwa vizuri kuliko shati zangu. Chuo hapa Dallas nilisoma muhula mmoja na nusu. Ule mmoja sikuelewa kitu. Ile nusu nilipata koti la chuo, jeupe, mikono ya buluu. Masomo niliacha, nikaenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Koti sikuacha. Nililivaa kanisani, nililivaa kazini, na mechi ya Dallas na Houston ya mpira wa kikapu ikikaribia nililala nalo.

Sasa kulikuwa na msichana, Nafula. Tulijuana kwenye mkutano wa maombi wa Wakenya, akisomea unesi Houston. Baba yake alishafariki, alikuwa akiishi kwa baba yake mkubwa, Mzee Makokha, na huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Nilimpenda Nafula mpaka nikaanza kupiga pasi. Mzee alipotuma ujumbe, "Aje nimwone, na aje na mtu mzima," nikafurahi sana. Nilipoambiwa siku, furaha ikashuka. Ijumaa ya kuamkia mechi. Mechi yenyewe Houston. Na mtoto wa Mzee anasoma chuo chao! Nikajiuliza, Ijumaa zote alizoumba Mungu, kwa nini hii?

Mtu mzima nilimchukua Bahati, Mkongomani wa Bukavu, aliyenizidi miaka kidogo na upara mwingi.

Mzee Makokha alitupokea mlangoni kwa salamu ya Kiluhya na furaha ya kutia shaka. "Mulembe! Karibuni watu wa Dallas!" Kichwani kofia nyekundu. Akanionyesha kiti kizuri cha mikono, na juu ya kiti, ukutani, bendera ya chuo chao. Nikajisemea, kumbe. Nikaenda kukalia kistuli cha watoto, magoti yakagusa kidevu.

"Kijana, kiti kiko huku."

"Hapa panatosha, mzee. Ni mgongo."

Soda zikaja zimeshafunguliwa. Nikamkonyeza Bahati. Bahati alikuwa ameshamaliza yake.

Nikaona bora nipeleleze. Wakati ule wao walikuwa na jamaa mrefu wa kucheza chini ya kikapu, na uvumi ulikuwa kwamba mguu unamsumbua. Nikauliza kama mtu anayeulizia mvua, "Eti mzee, yule mrefu wenu anaendeleaje?"

"Ah, huyo!" Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mguu umevimba, hauingii kiatu. Kesho mtatupiga tu."

Huruma yote hiyo ilitoka wapi? Nikazidi kukunja moyo.

Nafula akatunawisha mikono, kuku akaletwa na ugali. Sasa wewe mwanangu umezaliwa huku, pengine hujui. Kwetu sisi Waluhya, firigisi, tunaiita imondo, hailiwi na kila mtu. Ni ya mwenye nyumba. Akiitoa kwenye sahani yake akaiweka kwenye yako, amekwambia jambo ambalo mdomo wake haujalisema bado. Na Mzee akaiinua akaniwekea. Nafula akainamisha uso, akitabasamu.

Kijana mwenye akili angelia kwa furaha. Mimi nilimwona kapteni wangu wa Bungoma amesimama pale mezani akinitolea macho. Kitu kimoja, kimetengwa, changu peke yangu, na kesho ni mechi! Mzee alipogeuka kuitisha chumvi, nikaifunga kwenye karatasi ya kupangusa mikono nikaitia mfukoni mwa koti.

Bahati aliniona. "Weye!" akaninong'oneza. "Ile ni nyama, haiko bomu."

Mzee akageuka. "Imondo imekaaje?"

"Tamu, mzee! Imeteremka yenyewe."

Lakini koti lilikuwa jeupe, mwanangu, na firigisi ilikuwa ya kukaanga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mafuta yakaanza kutembea. Nafula alipokuja na chai nilikuwa nina ramani ya Afrika nzima mfukoni, na Madagaska ilikuwa inaanza kuonekana. Alisimama, sinia mkononi, akaitazama. Mzee akafuata macho yake.

"Leta koti litundikwe," akasema.

"Nina baridi, mzee."

"Leta."

Akatia mkono, akatoa kile kifurushi, akakifungua mezani taratibu. Bahati, ambaye kanisani huongea wakati wa maombi ya kimya, akajishughulisha na mfupa wa kuku.

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini, na mpaka leo nikiikumbuka nashika mfuko.

"Kijana, kuku wa dukani hapa huuzwa bila matumbo. Firigisi huuzwa peke yake, za kuku ambao hakuna anayewajua. Leo sikwenda kazini asubuhi. Nilitoka nje ya mji nikatafuta shamba lenye kuku mzima, mwenye firigisi yake, nikamchinja kwa mkono wangu. Soda nilifungua mimi, kwa sababu mgeni wa heshima hapewi kazi. Na kiti ulichokikataa ni changu." Akaisogeza ile karatasi mbele yangu. "Sasa niambie. Nafula akiamka kwako asubuhi akakupikia chai, utamwita nani aionje kwanza?"

Nikaikazia macho firigisi kama ndiyo itakayonijibia.

Bahati akajaribu kunitetea. "Mzee, huyu ni mutoto muzuri. Ni mupira tu inamuharibu kichwa."

"Mpira hauna kosa," akasema Mzee. "Kesho uwanjani anishuku, na mimi nitamshuku, ndiyo raha yake. Lakini hapa si uwanjani. Hiyo posa leo imelala. Timu zikikutana tena hapa Houston mwaka ujao, arudi. Nitamwekea sahani, na nitaangalia mkono wake unakwenda mdomoni au mfukoni."

Nafula ndiye aliyetufungulia mlango wa kutokea. Hakunitazama. "Ungesema tu huli," akaniambia. "Afadhali hiyo kuliko kusema ni tamu."

Kesho yake nikaenda uwanjani, koti na ramani yake. Na yule mrefu wao, mwenye mguu usioingia kiatu? Alitoka mbio kama swala! Kipindi chote cha kwanza alikaa juu ya vichwa vya vijana wetu kama taa ya barabarani. Nikamtafuta Mzee Makokha kwa macho. Alikuwa upande wa pili. Akavua kofia yake nyekundu, akanipungia, anacheka mpaka mabega yanaruka.

Hapo ndipo niliporudi kwenye akili zangu. Mzee yule alinidanganya kuhusu mguu, na kuhusu kuku hakunidanganya hata kidogo. Na mimi mjinga nilikuwa nimeshuku vyote viwili kwa kipimo kimoja, kama mtu anayetia chumvi kwenye chai kwa sababu ameona ikitiwa kwenye mchuzi.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nafula alikuwa akipokea simu yangu, anaongea na mimi habari za hali ya hewa. Jua la Houston, mvua ya Houston. Nilijua mawingu ya mji ule kuliko rubani. Mechi iliporudi, nikaenda na Bahati tena, na ndani ya gari hamkuwa na kitu ila sisi wawili na njaa yetu. Nikakalia kiti cha mikono, chini ya bendera yao. Soda ikaja wazi, nikainywa. Firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu na Mzee akainamisha kichwa kuombea chakula. Maombi ya Mzee Makokha yalikuwa marefu, yalipitia Bungoma yakarudi. Nami niliogopa nisije nikashikwa tena na wazimu, nikaitia mdomoni kabla hajafika mwisho. Mzee alifungua jicho moja, akaniona natafuna. Nafula alicheka, ile "Amina" ikakatika katikati.

Huyo Nafula ndiye Mama Nekesa. Yuko jikoni hapa, ananiambia nisikuogopeshe.

Sikuogopeshi, mwanangu. Nakwambia mapema tu. Kuku nimeshamwagiza shambani, mzima, na firigisi yake. Soda nitakufungulia mimi. Kiti changu kiko chini ya bendera ya buluu, na utakikalia, hata kofia yako nyekundu ikilia. Ukiniuliza habari za wachezaji wetu nitakudanganya bila aibu, na wewe nidanganye vizuri kuhusu lile goti. Hiyo ni haki yetu sote wawili. Lakini sitaficha kwamba nakutilia shaka bado. Kijana anayekula njiani kabla ya kufika kwa baba wa msichana, huyo natakiwa nimwangalie mikono, na nitaiangalia.

Basi shika haya. Shuku mguu wa mchezaji, shuku sifa za kocha, mshuku refa mpaka akili ichoke. Sahani ya mtu aliyeamka mapema kwa ajili yako usiishuku. Na kama kitu kweli kimekushinda kula, sema kimekushinda, usisifu utamu wa kitu kilicho mfukoni. Nyumba ya watu wawili haikai kwa mtindo wa kuonjeana chai. Tahadhari ni nzuri, lakini ikikaa mezani kila siku itakula yenyewe, na nyinyi mtalala njaa.

Mungu akulinde kwenye ile barabara, malori yake hayana huruma. Akupe macho makali ya uwanjani na moyo mwepesi wa mezani. Akujalie siku moja uwe na kiti cha kumpisha mgeni, na mgeni wa kukikalia. Njoo na njaa, mwanangu. Firigisi ni yako. Mechi ni yetu.