Marahaba za Barabara Kuu

Mama mkwe wangu alianza kufagia barabara kuu mume wangu akiwa bado mtoto wa kubebwa. Mtaa mzima unamwita Mama Fagio. Malori hayakauki pale, yanatema moshi mweusi, na vumbi analolizoa asubuhi hulikuta jioni limerudi kwao.

Kazini walimpa barakoa, akaivaa. Lakini barabara ile ina watu, na watu wana adabu zao.

"Shikamoo, Mama Fagio!"

Kwake yeye, kuitikia na kitambaa mdomoni ni kiburi. Basi anaishusha mpaka kidevuni. "Marahaba mwanangu, nyumbani hawajambo?" Na habari za nyumbani anazisikiliza mpaka mwisho. Lori likipita katikati ya habari, limepita.

Kikohozi kilikuja kama mgeni, kikahamia na mizigo yake. Mwaka huu akawa hawezi kutoka uani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Nikampeleka hospitali.

Daktari, kijana mpole, akamweleza kwamba chembe za ule moshi ni ndogo mno, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mwili unapigana nazo, njia za hewa zinavimba. Zikiingia kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, uvimbe haupati nafasi ya kupoa, na mapafu yanabaki na makovu.

"Barakoa unavaa, mama?"

"Kila siku, baba."

"Anaivaa kidevuni," nikasema. Mama mkwe akanitupia jicho ambalo wakwe wenzangu wanalijua.

"Kidevu hakipumui, mama," daktari akasema. "Ukiendelea na barabara ile, hata hii pumzi iliyobaki utaikosa."

"Sasa watu wakiniamkia, niwaitikie kwa nyusi?"

Daktari akaandika dawa.

Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi wake, mtoto mgongoni, nikamwomba amhamishie mahali pasipo na malori wala maamkizi. Msimamizi akakuna kichwa.

"Labda makaburini."

Mama mkwe alininunia, akala chakula changu huku kanipa mgongo. Lakini alikwenda. Juzi nikampelekea maji ya kunywa, nikamkuta anafagia majani, barakoa iko mfukoni.

"Kazi mpya vipi, mama?"

"Pazuri. Hewa tele. Ila wenyeji wa hapa wana maringo, mkwe wangu. Hakuna hata mmoja anayeniamkia."

Akainama tena. Alifagia safu nzima ndipo akakohoa, mara moja, akaendelea na safu ya pili.