Namba ya Mwanakheri

Ipo siku moja, mwanangu, laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia hapa mjini, na kiburi changu hakisemeki. Tukaitwa Tunguu, kwenye mkutano wa wanafizikia na walimu wa nchi jirani, kama huu unaokwenda wewe kesho na wanafunzi wako. Kila skuli ilitakiwa ipeleke wanafunzi wawili na chati ya jaribio lao.

Darasa langu lilipima mvutano wa dunia. Unalijua jaribio lenyewe: unapima urefu wa uzi, unafunga jiwe, unalibembeza, unahesabu muda, unapiga hesabu. Kitabu kinasema tisa nukta nane. Wote wakaniletea tisa nukta nane, maana walijua ndiyo niitakayo. Isipokuwa Mwanakheri, binti wa Malindi, aliyeipenda fizikia mpaka akawa ananifuata na maswali nyumbani. Yeye alileta tisa nukta tano.

"Nimerudia mara nne, mwalimu," akasema.

Nikamwambia asinitie aibu mbele ya wageni. Nikaifuta namba yake kwenye chati, nikaandika ya kitabu, na yeye nikamchukua awe mmoja wa wale wawili.

Mkutanoni akaja mzee mmoja, mwanafizikia mstaafu. Akaisoma chati yetu, kisha akauvutavuta ule uzi tuliokwenda nao. Ulikuwa wa nailoni. Akamgeukia Mwanakheri.

"Na wewe, mjukuu wangu, ulipata hii hii?"

Mtoto akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikatazama pembeni.

"Ndiyo, babu. Hiyo hiyo."

Mzee akanivuta kando. "Uzi huu ukiufungia jiwe unarefuka kuliko ulivyopimwa, mwalimu, na jibu lazima lipungue. Aliyepima kweli hawezi kupata ya kitabu. Darasa zima hakupima hata mmoja?"

Alikuwapo mmoja, kasimama hatua tatu kutoka kwetu, na sikumtaja. Nikasema tu, "Tutarekebisha, mzee."

Nikajiambia ntamwomba radhi Jumatatu. Jumatatu ikaja, nikaona haya. Mwalimu mzima amwombe radhi mtoto! Wiki zikapita. Mwanakheri akaacha kuuliza, akaacha kuja nyumbani, na wakati wa kuchagua masomo ulipofika akaiacha fizikia.

Siku yake ya mwisho skuli alinijia mezani. "Shikamoo, mwalimu." Nikamjibu "Marahaba" huku nasahihisha madaftari, wala uso sikuinua. Akasimama kidogo, akenda zake. Nasikia aliolewa, akahamia ng'ambo. Sijamwona tena, na sasa uzee umeshanikalia.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtoto akikuletea jibu lisilokubaliana na kitabu, usimfokee. Vuta kiti mpime tena pamoja. Na ukimkosea, mwombe radhi siku ile ile, mbele ya wale wale walioona. Mimi nilikwepa haya ya dakika moja tu, na yeye akapoteza kitu alichokipenda kuliko vyote.

Nenda salama. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea", na siku utakayolisema neno hilo, ajaalie huyo uliyemkosea awe bado yupo kukusikia.