Kijitabu cha Migomba Inayoanguka

Wino wa mashine ya kudurufu ulinuka nyumba nzima, ukaingia hadi kwenye chakula, na mpaka leo nikiunusa huirudia hofu ile. Nilikuwa msichana mdogo, tukikaa Kagoma, Muleba, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa shule, na jioni alifundisha watu wazima. Migomba ilikuwa inaanguka, kibanja baada ya kibanja, ndivyo tuitavyo mashamba ya migomba kwetu. Usiku unasikia kishindo, asubuhi unaukuta mgomba umelala na mkungu wake mchanga. Tata akaamua kuwaandikia wanafunzi wake kijitabu cha kuanzia juu ya jambo hilo. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kinachoangusha migomba yetu hakijajulikana kwa hakika. Wataalamu wengine wanasema ni mdudu, wengine ni udongo uliochoka. Tutasoma hoja za pande zote."

Katibu wa tawi la chama alikuja kuusoma, akagoma kukaa. "Mwalimu, andika ni uvivu. Mkulima hana haja na mabishano ya wasomi."

Tata akajibu kwa upole, "Ndugu Katibu, nikiandika hivyo, kila ambaye migomba yake imeanguka ataadhibiwa kama mvivu."

Katibu akasema atakuja darasani asikie mwenyewe kitakachosomwa. Mwalimu mwingine aliyebishana naye alikuwa amehamishiwa mbali, mke na watoto wakabaki. Niliogopa mno. Nilimwomba Tata aifute ile sentensi. Akaniambia naye anaogopa, na hilo likanitisha kuliko katibu.

Darasani nilijibana ubavuni mwa Mama. Tata aliusoma ukurasa ule jinsi ulivyo. Tukamtazama katibu, naye akasema kwa sauti ndogo, "Kwangu pia inaanguka. Naikatakata alfajiri watu wasione."

Leo naandika vitabu vya kuanzia kwa wanafunzi wa chuo, kuhusu mambo ambayo wataalamu bado wanayabishania. Hakuna wa kunihamisha. Mhariri hunishauri tu, kwa adabu, nichague jibu moja nisimchanganye msomaji. Lakini woga haujaniisha. Siku hizi namwogopa huyo msomaji mwenyewe, atakayefika penye "haijulikani", akafunga kitabu, akaenda kumsikiliza mtu mwenye jibu.